Mshono

Kidole gumba changu kinajua kusoma.
Kinaanzia kisogoni, kinashuka polepole,
pingili kwa pingili hadi shina la mkia,
kikitafuta uzi.

Watoto wanane, wiki ya tano, meno kama chenga za mchele,
ndani ya stoo ya kiwanda cha pamba kilichokufa, hapa Masindi,
mvua ikipiga mabati hata sisikii
kama wanalia au wanagombana.
Kabasinguzi ameshika tochi, daftari magotini.
"Wa kwanza," nasema. "Jike. Ana mshono. Safi."

Mshono ndilo jina tuliloupa mstari ule wa mgongoni,
singa zinazotazama kichwani
wakati manyoya mengine yote yanatazama mkiani,
na juu, penye mabega, vizingo viwili
kama maji yanapoingia shimoni.
Nilitoka polisi na mbwa mmoja mzee wa namna hiyo
na kiinua mgongo kisichotosha kuezekea nyumba.
Nikampandisha kwa jike wa kienyeji aliyelinda mihogo Kigulya,
mweusi, mwembamba, asiyejua kuugua.
Huu ni uzao wa sita. Bado hatujawa ukoo.
Tuna tamaa, na daftari.

Kampala wananunua mshono.
Mama mmoja wa Muyenga alinitumia picha:
"Nataka kama huyu, vizingo viwe sawasawa,"
na nusu ya pesa kwa simu, siku hiyohiyo.
Hakuuliza kitu kingine.
Asiye na mshono huenda kwa bei ya mbuzi,
tena mbuzi wa Januari, ada za shule zikiwa mlangoni.

"Wa nne. Dume. Mshono..."
Nanyamaza.
Kabasinguzi anasogeza tochi.
Ni mzuri kuliko wote niliowahi kuzalisha,
vizingo vimelingana kama vimepimwa kwa rula.
Na hapo hapo, chini ya shingo,
ngozi inagoma kuteleza.
Kuna uzi. Mgumu kama wa kushonea gunia,
unatoka kwenye kitundu kisichoonekana
unazama kule ambako mkono haufiki.

Daktari Alinaitwe alishanieleza, bila kupamba:
kinachochora mshono ndicho kinachoacha tundu.
Oanisha mshono na mshono, miaka nenda miaka rudi,
utavuna urembo mwingi na usaha mwingi.
Mwaka jana alimpasua Kaheru mara mbili. Uzi ukarudi.
Kaheru alikufa shingo imevimba, juu ya koti langu la kazi,
na mshono wake, Mungu anisamehe,
ulikuwa bado unapendeza.

Msiniletee habari za mkakasi na kipande cha mti.
Urembo nao ni kitu.
Mimi mwenyewe niliingia humu kwa sababu ya mgongo mmoja
niliouona uking'aa kwenye gwaride, asubuhi, umelowa umande.

"Andika: wa nne ana uzi. Hauzwi. Hazai."
"Na mama wa Muyenga?"
"Tumrudishie pesa."
"Tulishanunua mabati, baba."
Mvua inathibitisha.

Wa saba ni jike, mgongo mtupu kama meza,
sikio moja linaelekea Hoima, jingine Gulu.
Kidole kinashuka, kinapanda.
Ngozi inateleza kila mahali
kama shuka juu ya godoro jipya.
Ananing'ata. Taya lile nalijua,
ni la bibi wa mihogo.
"Huyu tunabaki naye," nasema.
"Akikua, atapata dume wa mshono.
Huenda nusu ya wanawe watafanana naye."
"Nusu ya wanawe, nusu ya bei," anasema Kabasinguzi,
lakini anaandika.

Wa nne amesinzia mapajani mwangu.
Na kidole, bila kutumwa na mtu,
kinarudi juu ya singa zile,
taratibu, tangu kisogoni,
kama kilikosea kusoma.